"Baadaye" ni neno la hatari relini

Kila nikigusia mambo ya treni katika ukurasa huu, napata majibu ya aina mbili. Ya kwanza yanatoka kwa watetezi wa sirikali: stima ni nzuri, bwana, lakini sisi ni nchi inayoendelea, tuanze na dizeli, stima tutaweka baadaye. Ya pili yanatoka kwa wenzangu waandishi wa programu, ambao wakisikia neno reli wanapiga miayo: mambo ya mkoloni hayo, ngoja akili bandia ikomae, treni zitajiendesha zenyewe, hayo ya waya na taa za signali tutayaruka. Makundi haya mawili hayapendani, lakini hoja yao ni moja. Wote wanaamini kwamba kitu cha msingi kinaweza kungoja. Mimi nasema hakingoji, na historia ya reli ya umeme ina makaburi ya kutosha kunitolea ushahidi.

Nianze na dizeli. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu vichwa vya treni vinavyovuta Madaraka Express tangu 2017. Magurudumu yake hayazungushwi na injini ya dizeli. Injini ile inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme unapelekwa kwenye mota zilizofungwa penye ekseli, na mota ndizo zinazosukuma magurudumu. Yaani treni yetu tayari ni ya umeme! Tofauti yake na ile ya Dar es Salaam ni kwamba yetu imebeba mtambo wake wa stima mgongoni, pamoja na matangi ya mafuta yaliyonunuliwa kwa dola, na inapanda navyo kutoka pwani hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Ni kama mtu mwenye nguzo ya stima mlangoni pake ambaye anawasha jenereta usiku na mchana, kisha anakwambia kwamba stima ni anasa.

Na hii si teknolojia ya juzi. Werner von Siemens aliwapandisha watu kwenye kitreni cha umeme katika maonyesho ya Berlin mwaka 1879. Mwaka 1881 kampuni yake ikawa na tramu ya umeme ikibeba abiria wa kawaida huko Lichterfelde. Mwaka 1890 London ilifungua reli ya kwanza ya umeme ya chini kabisa ya ardhi, City and South London, ambayo kwanza ilipangwa kuvutwa kwa kamba. Oktoba 1903 gari la reli la umeme lilikimbia kilomita 210 kwa saa karibu na Berlin, kwenye njia ya majaribio ya Zossen. Hebu tulia na tarehe hiyo. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Wakati babu zetu wanashangaa nyoka wa chuma anayetema moshi, Wajerumani walikuwa tayari na umeme unaokimbia mara mbili ya mwendo wa Madaraka Express ya leo, kasoro kidogo.

Wapenda-baadaye watasema: ndio, lakini hao ni Wajerumani, wana pesa. Sasa tuangalie nani hasa aliyekimbilia umeme. Uswisi iliweka umeme kwenye njia ya Gotthard kati ya 1920 na 1922 kwa sababu moja kubwa: haikuwa na makaa ya mawe. Wakati wa vita kuu ya kwanza makaa ya kununua nje yaliadimika, treni zikapungua, na Waswisi wakatazama juu milimani wakaona maji yanaporomoka bure. Hawakusema tuendelee kununua makaa kwanza. Bombay ilianza treni za umeme mwaka 1925, na leo zaidi ya asilimia 95 ya njia pana za reli za India zina waya juu. India, jamani, si Norway.

Ukitaka mfano wa Waswahili wenyewe, nenda Katanga. Huko kunakosemwa Kiswahili cha Lubumbashi na Likasi, reli ya migodi iliwekewa umeme wa msongo mkubwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950, ule ule wa mkondo geu wa hezi 50 ambao Wafaransa walikuwa ndiyo kwanza wanaujaribu kwao karibu na Annecy. Umeme wenyewe ulitoka kwenye maporomoko ya mito ya huko huko. Reli ile iliwekwa kwa faida ya makampuni ya Kibeljiji, sikatai, na leo hali yake ni ya kusikitisha. Lakini mtu asije akaniambia kwamba waya wa treni hauwezi kusimama katika ardhi ya Afrika. Ulisimama kabla baba yangu hajaanza shule.

Turudi karibu. Ethiopia na Kenya zilijenga reli mpya karibu miaka ile ile, zote kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, zote na makandarasi wa Kichina. Ethiopia ilizindua njia ya Addis Ababa kwenda Djibouti Oktoba 2016, zaidi ya kilomita 700, ya umeme wa volti 25,000. Sisi tulizindua ya Mombasa hadi Nairobi tarehe 31 Mei 2017, ya dizeli. Mkopeshaji mmoja, mafundi wa taifa moja, miaka ileile. Hivyo hoja ya kwamba tulipewa kilichokuwepo haisimami. Sisi tuliambiwa kwamba njia imeachiwa nafasi ya kuwekewa umeme baadaye. Halafu tukaiongeza hadi Suswa mwaka 2019, bado kwa dizeli. Suswa! Mahali ambapo laini ya kilovolti 400 kutoka kwenye upepo wa Turkana inashukia, jirani na mvuke wa Olkaria, ambapo tumekuwa tukichimba umeme ardhini tangu 1981. Sehemu kubwa ya stima ya nchi hii inatokana na mvuke, maji na upepo, na usiku mahitaji yanaposhuka mvuke mwingine huachiliwa uende hewani. Usiku huo huo ndio treni za mizigo zingependa kupanda mlima. Badala yake tunachoma dizeli.

Nakubali upande wa pili una neno la maana: stima yetu hukatika. Mwaka 2023 nchi nzima ilizimika zaidi ya mara moja, na Agosti ile hata uwanja wa ndege ulikaa gizani. Reli ya Ethiopia nayo imesumbuliwa na umeme kukatika. Tanzania ilipoanza safari za umeme mwaka 2024, haukupita muda treni ikasimama njiani, na shirika lao la reli likataja ngedere na ndege kama waliogusa waya. Watu wa mitandaoni walicheka sana. Wakenya wenzangu mliocheka, mmesahau Gitaru? Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa stima. (Tumbili alipona, kama mnataka kujua.) Sasa dawa ya hilo ni nini? Hospitali, viwanda na maji ya mfereji vinategemea gridi hiyo hiyo. Reli ni mteja mkubwa, anayelipa, anayejulikana anataka kiasi gani na saa ngapi. Mteja kama huyo ndiye anayelazimisha gridi itengenezwe. Kumnyima stima kwa sababu gridi ni mbovu ni sawa na kukataa kupeleka barabara kijijini kwa sababu hakuna magari.

Hapo nimemalizana na kundi la kwanza kwa sasa. Ninyi wa kompyuta, ambao najua mlikuwa mnacheka, sasa ni zamu yenu.

Kuna mtu anaitwa Frank Sprague, Mmarekani, ambaye ningependa kila mwanafunzi wa programu amjue kama anavyowajua watu wa Silicon Valley. Mwaka 1888 alifanya tramu za umeme za mji wa Richmond zifanye kazi kwa ukubwa ambao haukuwa umewahi kuonekana. Lakini kazi iliyonigusa mimi ni ya 1897. Kabla ya hapo, aliyetaka treni yenye nguvu alihitaji kichwa kikubwa mbele, na dereva alishika kwa mkono swichi inayopitisha umeme wote wa mota. Sprague aliweka mota chini ya mabehewa mengi, kisha akapitisha waya mwembamba wa amri kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho. Dereva anasogeza mpini mdogo, mkondo mdogo unasafiri, na katika kila behewa rilei zinafunga na kufungua mkondo mkubwa. Katika majaribio ya 1897 treni ya mabehewa sita iliendeshwa na mtoto wake wa kiume, umri miaka kumi.

Umeona kilichotokea hapo? Amri ilitengana na nguvu. Kwa lugha ya kazi yetu, treni ilipata mlango wa kupokea maagizo, na mlango haujali anayebisha ni nani. Anaweza kuwa dereva, anaweza kuwa mtoto wa miaka kumi, anaweza kuwa mashine. Kuanzia siku ile, treni isiyo na dereva ilikuwa inasubiri tu mtu wa kuiandikia maagizo. Hiyo ndiyo sababu ninawaunganisha wapenda-dizeli na ninyi wapenda-akili-bandia: treni ya kujiendesha ilizaliwa ndani ya reli ya umeme. Wanaosema tutaruka umeme twende moja kwa moja kwenye treni janja hawajui walichokiruka.

Lakini amri ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni ya zamani zaidi, na ndiyo inayonipa heshima kubwa kwa hawa mafundi. Mwaka 1872 Mmarekani mwingine, William Robinson, alipata hataza ya kitu rahisi mno. Chukua kipande cha reli, kitenge na vingine. Upande mmoja funga betri kati ya reli mbili, upande wa pili funga rilei. Mkondo unapita kwenye reli moja, unaingia kwenye rilei, unarudi kwa reli ya pili. Rilei ikipata mkondo inashikilia taa ya "njia ni nyeupe". Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake za chuma zinaunganisha reli mbili, mkondo unakatia njia hapo, rilei inakosa nguvu, inaanguka, na taa inakuwa nyekundu.

Sasa jiulize: betri ikifa? Rilei inaanguka, taa nyekundu. Waya ukikatwa na mwizi wa vyuma chakavu? Nyekundu. Reli ikivunjika? Mara nyingi nyekundu. Robinson hakuuliza treni "upo?" akingoja jibu. Aliuliza njia "una uhakika uko tupu?" na kila kimya akakihesabu kuwa hapana. Rilei inaangushwa na uzito wake wenyewe, maana mvuto wa dunia haukatiki kama stima.

Nenda kwenye programu yoyote iliyoandikwa hapa Nairobi ukaangalie kigeugeu kinaanza na thamani gani. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa na mfumo wa malipo ambao, benki isipojibu ndani ya sekunde kadhaa, ulimwandikia mteja "imekubaliwa". Nilipouliza kwa nini, niliambiwa wateja hawapendi kungoja, kasoro tutazirekebisha baadaye. Robinson angemfukuza mtu huyo kazi mwaka 1872. Kwetu hakuna aliyekufa, ni hela tu zilizopotea na watu wakagombana kwenye simu. Relini hesabu ni nyingine.

Tarehe 12 Juni 1889 karibu na Armagh, Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Wakaikata katikati ili nusu ya kwanza itangulie. Breki za treni ile zilikuwa za aina ambayo ukikata bomba, zinaachia. Nusu ya nyuma ikaanza kurudi yenyewe mteremkoni, ikagongana na treni iliyokuwa inakuja. Walikufa watu kama 80, wakiwemo watoto wengi. Breki za kujifunga zenyewe bomba likikatika zilikuwa zimevumbuliwa na Westinghouse tangu 1872. Wakaguzi wa serikali ya Uingereza walikuwa wamezipigia debe kwa miaka, na makampuni yakajibu kwamba ni ghali, na kwamba polepole watafika. Baada ya Armagh, bunge lilipitisha sheria ya kuyalazimisha ndani ya miezi mitatu. Kumbe iliwezekana! Miaka 17 ya baadaye, halafu miezi mitatu.

New York ni hivyo hivyo. Treni za mvuke zilikuwa zikipita katika handaki la Park Avenue lililojaa moshi. Tarehe 8 Januari 1902 dereva alipitiliza taa za signali ndani ya moshi na mvuke, akaigonga treni iliyosimama, watu 15 wakafa. Ndipo jimbo likapiga marufuku treni za mvuke katika eneo hilo kuanzia 1908, na kampuni ya reli ikaweka umeme haraka.

Nimefika kwa treni zinazojiendesha. Wengi wenu mnadhani zilikuja na kompyuta. Njia ya Victoria ya London ilifunguliwa mwaka 1968, baada ya majaribio ya miaka kadhaa, na kuanzia siku ya kwanza treni zilijiendesha. Mhudumu alifunga milango, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, basi. Treni iliondoka, ikashika mwendo, ikapunguza, ikasimama mahali pake. Haikuwa na kompyuta ndani. Ilikuwa na vitu viwili vilivyotengwa kabisa. Kimoja kilisikiliza mapigo ya umeme ndani ya reli, na idadi ya mapigo kwa dakika ilisema mwendo unaoruhusiwa. Mapigo yakipotea, breki za dharura. Cha pili kilisoma amri za hapa na pale njiani, kama "acha kuvuta" au "anza kupunguza". Cha pili kikikosea, abiria wanatikiswa au treni inapita alama ya kusimama kidogo. Cha kwanza hakikuruhusiwa kukosea, na cha pili hakikuwa na uwezo wa kukipinga. Treni zile zilifanya kazi hadi 2011.

Mtaalamu gani wa programu leo anajenga hivyo? Tunachukua kila kitu, tunakisokota pamoja, cha usalama na cha urembo, kwenye seva moja, halafu tunashangaa rangi ya kitufe ikibadilishwa malipo yanasimama.

Miaka minne baada ya London, San Francisco ikaja na BART, reli ya umeme iliyotangazwa kuwa ya enzi ya anga za juu. Huko ndiko "baadaye" iliponyesha sura yake kamili. Wahandisi watatu wa BART yenyewe, Holger Hjortsvang, Max Blankenzee na Robert Bruder, waliona kwamba mfumo wa kuendesha treni haujapimwa inavyotakiwa. Waliandika kwa wakubwa wao. Hawakusikilizwa. Mwishowe habari ikafika kwa mjumbe wa bodi, ikatoka magazetini, na Machi 1972 wote watatu wakafukuzwa kazi. Huduma ilifunguliwa Septemba. Tarehe 2 Oktoba, hata mwezi haujaisha, treni iliyokuwa ikiingia kituo cha mwisho cha Fremont iliongeza mwendo badala ya kupunguza, ikavuka mchanga wa kuizuia na kuinamisha pua yake kwenye uwanja wa kuegesha magari. Watu kadhaa waliumia. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa.

Sababu ilikuwa kijiwe kimoja cha kutoa mapigo ndani ya kifaa cha treni. Kilipoharibika, amri ya maili 27 kwa saa ikasomeka kama 68. Linganisha na Robinson. Kwake kuharibika kulimaanisha simama. Huku kuharibika kulimaanisha kimbia. Tena BART ilikuwa na tatizo jingine: mara nyingine haikuiona treni iliyosimama kwenye reli yenye kutu, hivyo kwa muda ikabidi watu wapigiane simu kati ya kituo na kituo ili kuziachanisha treni, kama enzi za malkia Victoria. Ndio hiyo treni ya anga za juu. Wahandisi wale walishtaki, kesi ikamalizwa nje ya mahakama, na mwaka 1978 chama cha wahandisi wa umeme IEEE kikawapa tuzo. Tuzo ni nzuri, lakini mtu hanunui unga kwa tuzo. Wale waliowafukuza, ninavyowajua wakubwa, waliendelea kusema kwamba kila mradi mpya una matatizo ya mwanzo.

Msidhani mambo hayo yaliisha. Tarehe 22 Juni 2009 Washington, kifaa cha kutambua treni, mjukuu wa kile cha Robinson lakini chenye elektroniki nyingi, kilianza kujisikia chenyewe: mapigo yalizunguka ndani ya kifaa badala ya kupita relini, kikaripoti njia tupu huku treni imesimama pale. Treni ya nyuma ilikuwa inajiendesha. Watu 9 walikufa. Kengele za onyo zilikuwepo, ila zilikuwa zikilia ovyo kila siku hadi watu wakazizoea. (Nani kati yenu hana folda ya barua pepe za onyo ambazo hazisomwi?) Na tarehe 23 Julai 2011 karibu na Wenzhou, China, radi ilipiga, fyuzi ikakatika, na kifaa cha stesheni kikaendelea kutangaza hali iliyokuwapo kabla ya kuharibika: njia nyeupe. Treni ya kasi ikaigonga nyingine, watu 40 wakafa. Kifaa kilikuwa kimehifadhi jibu la zamani na kulitoa kama jipya. Sisi tunafanya hivyo kila siku ili kurasa zifunguke upesi, na tunajisifu.

Marekani ndiyo bingwa wa kuahirisha. Septemba 2008 dereva wa treni huko Chatsworth, California, alipita taa nyekundu akiwa anatuma ujumbe wa simu, na watu 25 wakafa. Sheria ikapitishwa mwaka ule ule: ifikapo mwisho wa 2015 treni zote za abiria ziwe na mfumo wa kumsimamisha dereva anayekosea. Mei 2015 treni ikaacha reli kwenye kona ya Philadelphia kwa mwendo mkali kupita kiasi, 8 wakafa, mahali ambapo mfumo huo ulikuwa haujawashwa. Bunge likafanya nini? Likasogeza tarehe hadi 2018, na ruhusa ya kwenda 2020.

Mnataka kuona kazi inayofanywa sasa, si baadaye? Paris, njia ya 14, ilifunguliwa Oktoba 1998 bila dereva kabisa. Waandishi wa programu ya usalama hawakuandika kwanza wakapima mwisho. Waliandika kwa kihisabati kile ambacho treni haitakiwi kukifanya kamwe, kwa njia iitwayo B, wakathibitisha kila hatua kama mtu anavyothibitisha kanuni ya Pythagoras, kisha mashine ikatoa mistari kama 86,000 ya lugha ya Ada. Katika sehemu iliyothibitishwa hivyo, majaribio yaliyofuata hayakukuta kosa. Walifanya hivyo kwa kompyuta za miaka ya 1990! Sisi wenye mashine zenye nguvu mara elfu tunasema hatuna muda wa kuandika hata jaribio moja. Na ndugu zetu walioko Dubai wamekuwa wakipanda treni za umeme zisizo na dereva tangu tarehe 9 Septemba 2009. Waulizeni kama kuna akili bandia inayozungumza nao humo. Kuna reli, umeme, na mfumo usioiamini treni hata sekunde moja.

Kwa hiyo mtu akinijia na treni ya akili bandia ya Nairobi, nitamuuliza maswali mawili tu. Kihisi chako kikikaa kimya, treni inafanya nini? Na aliyekuonya kwamba bado, bado yuko kazini?

Nilisema nimemalizana na wa dizeli kwa sasa. Muda wao umefika tena, maana hili si la historia. Tanzania imekwisha kufikisha treni za umeme Dodoma mwaka 2024, zikiwa na mfumo wa Ulaya wa kudhibiti mwendo ambao unamfungia dereva breki akizidi. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ile ile ya Kituruki iliyojenga Tanzania, Yapı Merkezi, kwa reli ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272 hivi, nayo ni ya umeme. Sisi tunapanga kuitoa yetu Naivasha kupitia Kisumu hadi hiyo hiyo Malaba. Ikienda kwa dizeli, kontena litapanda kutoka bandari ya Mombasa, litapita jirani na laini ya kilovolti 400 pale Suswa, jirani na Olkaria, na likifika mpakani kichwa chetu kitafunguliwa, kitasogezwa pembeni kikinguruma, na cha Uganda kitainua mkono wake hadi kwenye waya wa umeme ulio juu na kulichukua. Kila treni. Kila siku. Na mfanyabiashara wa Kampala atakuwa na penseli, anapiga hesabu ya saa zile zinazopotea Malaba, akilinganisha na njia ya Dar es Salaam.